Mavi ya Mjini, Visima vya Mchangani

Jumatatu, 9 Oktoba
Vituo vyote leo. Darajani, machinjioni, pale wanapooshea pikipiki, mwisho visima vya mchangani. Mto umekauka. Yamebaki madimbwi tu. Darajani kuna mbwa amekufa, amevimba, kalala ubavu kama anaota jua. Utaratibu unasema sampuli ichotwe pale pale kila wiki. Pale pale ndipo alipo mbwa. Nimechota.

Machinjioni damu inashuka na mfereji hadi kwenye dimbwi. Kwato, mavi ya tumboni, nzi wa kijani. Buti limezama nikalitoa kwa mikono miwili. Shija, dereva wa mradi, alibaki garini amefunga vioo. Ni Msukuma wa Malampaka, amekua kwenye zizi la ng'ombe, na hata yeye ameshindwa.

Nimeoga, nimerudia kuoga. Harufu bado ipo puani. Sijala. Tangu niletwe Bariadi nimekonda hadi magauni ya Muheza yananipwaya. Watu nyumbani wanadhani mtafiti ni mtu wa koti jeupe. Kazi yangu ni kujua bakteria wa magonjwa wanaingia wapi mtoni na wanashukaje hadi ziwani. Kwa Kiswahili cha kawaida, nafuata mavi.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimefungua kabati la joto la kukuzia bakteria asubuhi. Uvundo wake siuzoei na sitaki kuuzoea.

Darajani, madoa machache kwenye sahani, kila doa kundi la bakteria. Machinjioni, mengi, nilitarajia. Penye pikipiki yamepungua. Ndivyo inavyopaswa, jua na mchanga hufanya kazi yao maji yakishuka. Halafu visimani. Sahani imejaa yote. Hakuna pa kuhesabu.

Haiwezekani. Mwezi uliopita visima vile vilikuwa safi kuliko bomba la ofisini. Labda chupa ilikuwa chafu. Labda ni mimi, sikuweka glavu vizuri. Nitarudia.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimerudia visimani. Ni upande wa barabara ya Dutwa, unaacha lami, unapita mashamba ya pamba iliyokwisha kung'olewa, unashuka mtoni. Wanawake wanafukua mchanga kwa mikono mpaka maji yatokee, wanayasubiri yatulie, wanachota kwa kata kidogo kidogo. Ng'ombe wananyweshwa kisima cha peke yao, wamekizungushia miiba. Wana utaratibu mzuri kuliko mji.

Kabula alikuwepo na binti yake mdogo Limi. Mumewe kapeleka ng'ombe malishoni mbali, kaachiwa mama mkwe na shamba. Tumesalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Akanijazia kata akaninyooshea kwa mikono miwili. Nimesema nimefunga. Uongo. Ni Ijumaa tu, sikufunga chochote.

Bibi Mbuke, mama mkwe wake, akacheka. Akasema kwa Kisukuma, Shija akanitafsiria: mchanga hauna maji machafu, mchanga hunyonya ubaya wote. Hajakosea sana. Nimesoma miaka mingi kuja kujua kitu hicho hicho.

Maji yalikuwa meupe kabisa ndani ya kata. Na mimi nikayaona yamejaa vile nilivyoviona kwenye sahani. Nimemeza mate nikaangalia pembeni.

Jumamosi, 14 Oktoba
Choo cha nyumba kimejaa. Tangu juzi tulikuwa tunajua, kila mtu anajifanya hajui. Leo kimetapika chenyewe mpaka kwenye kibaraza cha kufulia. Wapangaji wote nje, walimu, karani wa mahakama, mimi, kanga na leso puani. Mama Kulwa mwenye nyumba anafoka kana kwamba sisi peke yetu ndio tunaokwenda haja.

Likaja gari la majitaka. Dereva kijana mchangamfu, kaushika mpira wa kunyonyea kwa mkono mtupu, mkono wa pili ana andazi. Anakula. Nimekimbilia chumbani.

Alipoondoka tumemwaga maji na dawa. Choo kimerudi kuwa choo. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 16 Oktoba
Sahani za Ijumaa: vile vile. Zimejaa. Kwa hiyo si chupa, si glavu. Kuna kitu kinaingia mtoni kati ya penye pikipiki na visimani. Na pale kati hakuna nyumba hata moja. Kuna korongo tu, linatoka upande wa barabara kuu.

Muuguzi wa zahanati ya kijijini kaniambia kwa simu watoto wanaharisha. Si kipindupindu, kuhara kwa kawaida. Nachukia neno hilo. Kuhara kwa kawaida.

Kesho napanda korongo.

Jumanne, 17 Oktoba
Nimeshaoga na bado naandika nikiwa nimekunja miguu kitandani kama mtu anayeogopa sakafu.

Tulipanda korongo kwa miguu mimi na Shija. Mwanzoni mchanga mkavu. Halafu mchanga mweusi, umelowa. Halafu harufu. Shija akasema, "Dada, turudi." Hatukurudi. Kwenye kona ya juu korongo zima limefunikwa utando mweusi, umekauka juu kama ugali uliolala, chini laini. Pedi. Vitambaa. Kondomu. Punje za mahindi nzimanzima. Funza wanatembea juu yake hata utando unaonekana unapumua. Kioevu kimejichorea njia yake katikati, kinashuka taratibu kwenda visimani.

Nimetapika. Nimetapika juu ya mavi. Nimechota sampuli huku nalia, si kwa huzuni, kwa macho kuwasha na kinyaa.

Tulikuwa bado pale, jua kali la mchana, watu wote wamejificha vivulini, gari likaja kinyumenyume ukingoni. Gari lile lile. Kijana yule yule. Alivyotuona hakushtuka hata kidogo. Akafungua koki. Sitaki kuandika sauti yake.

Nilimpigia kelele: "Unajua kuna watu wanakunywa huko chini?"

"Dada, bwawa la majitaka ni mbali, na njia yake imekatika. Bosi anataka safari nyingi kwa siku. Nikamwage wapi, kwako?"

Akanitazama vizuri. Akatabasamu.

"Lakini wewe si mpangaji wa Mama Kulwa? Ya kwenu nimeyaleta hapa hapa Jumamosi."

Shija akaangalia chini. Mimi nikaangalia ule utando. Sijui nilitegemea kuona nini. Eti ningeyatambua.

Ni yangu. Yapo mle. Ijumaa nilikataa kunywa maji ya Kabula, Jumamosi nikampelekea mavi.

Jumatano, 18 Oktoba
Nimempigia msimamizi wangu. Akasikiliza. Akasema matokeo ni ya kuvutia sana. Ya kuvutia. Akasema niongeze vituo viwili ndani ya korongo, juu na chini ya pale wanapomwaga. Nikamuuliza kuhusu watu. "Mwanaidi, sisi ni watafiti, si serikali. Andika barua, fuata ngazi. Na usiwatangazie wananchi matokeo ambayo hayajathibitishwa. Tukizua taharuki, kibali cha mradi kinakwenda."

Nimefuata ngazi. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya halmashauri hadi mchana. Afisa aliyenipokea ana chupa ya maji ya dukani mezani, nyingine chini ya meza. Alisoma barua, akauliza gari ni la nani. Nilipomwambia rangi yake tu akafahamu. Akaifunga barua. "Tutalifanyia kazi." Nikamuuliza lini. Akasema nisimfundishe kazi.

Wote wasafi. Mikono safi, makola safi. Wananichefua kuliko korongo.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nimemwambia Mama Kulwa. Nilidhani atashtuka. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo nikae nayo hapa ndani? Mimi nimeita gari. Gari likishatoka getini si langu tena."

Hana kosa, na ana kosa, na mimi nina lile lile. Tangu Jumanne najizuia kwenda chooni. Ni ujinga, najua. Mwili haujizuii. Nikienda namuona Kabula ameshika kata.

Chakula cha mchana, wali na maharage, vijiko viwili. Nimempa paka. Paka kala.

Ijumaa, 20 Oktoba
Mawingu upande wa ziwa. Yamekusanyika tangu asubuhi, meusi. Watu mjini wanafurahi, wanasema mwaka huu mvua inawahi. Mimi sifurahi. Mvua ikinyesha korongo lote linashuka kwa siku moja.

Sikumuomba mtu ruhusa. Shija nilimwambia anaweza kukataa, gari ni la mradi. Akasema, "Panda." Tumepitia duka la dawa tukabeba vidonge vya maji vyote walivyokuwa navyo.

Visimani palikuwa na wanawake wengi, wanawahi mvua. Mwenyekiti wa kitongoji naye akaitwa, akaja na baiskeli. Nimesema kwa Kiswahili, Shija akisema kwa Kisukuma. Nimesema gari la mjini linamwaga vyoo korongoni. Nimesema wasinywe bila dawa au bila kuchemsha. Mwenyekiti akauliza tunywe nini basi, pampu iliharibika siku nyingi. Akauliza kuni za kuchemshia maji ya nyumba nzima nitazileta mimi? Nikasema sijui. Nilichoka kusema uongo.

Halafu nikasema lililobaki. Kwamba na choo cha nyumba ninayokaa kimemwagwa humo. Shija alisita. Akanitazama kama anauliza kama nina uhakika. Nikamwambia tafsiri. Akatafsiri.

Baadhi walicheka. Cheko la kwanza, la mtu asiyeamini masikio. Kisha mama mmoja akatema mate, akamwaga ndoo yake yote mchangani, akaigeuza, akaondoka. Sikumlaumu. Laiti wote wangemwaga.

Kabula akaniuliza, Kiswahili chake cha polepole: "Ulijua lini?"

"Korongo nimeliona Jumanne."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na ile siku nyingine? Ulisema umefunga."

Kabula akamchukua Limi mkono. Vidonge alichukua, hilo namshukuru Mungu. Bibi Mbuke alikinusa kimoja akakirudisha. Akasema kinanuka hospitali, na yeye hospitali alizaa mara moja tu, mtoto hakuishi.

Niliwanyima siku tatu. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la ofisi.

Jumapili, 22 Oktoba
Imenyesha. Tangu alfajiri mpaka mchana, mvua nzito ya mbuga, udongo mweusi umegeuka gundi. Mji mzima unashangilia. Watoto uchi barabarani, wanaogea maji ya mitaroni. Nimewapigia kelele watoke. Mama zao wamenitazama kama mwendawazimu.

Barabara haipitiki. Nimekaa dirishani.

Jumanne, 24 Oktoba
Tumefika kijijini kwa shida, gari limezama mara kwa mara. Korongo limefagiwa, safi, mchanga unang'aa kama hakijawahi kutokea kitu. Yote yameshuka. Visima vimefunikwa, mto una maji ya rangi ya chai ya maziwa na watu wanachota juu juu. Kwa nini wafukue mchanga wakati maji yapo?

Zahanati imejaa. Hii si ile ya kawaida. Wanatoa maji meupe kama yaliyooshewa mchele, bila maumivu, bila kukoma. Muuguzi hajalala, anazihesabu dripu alizonazo moja moja kama mtu anayehesabu watoto. Harufu ni ya samaki wabichi. Wamelazwa sakafuni. Nilikanyaga. Nimechukua sampuli kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Kabula yuko nje ukutani na Limi mapajani. Macho ya mtoto yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Kabula anampa maji ya chumvi kwa kijiko. Kijiko, anasubiri, kijiko. Nilikaa karibu yake. Hakunifukuza wala hakunisalimia. Limi alinitapikia kwenye sketi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikusikia kinyaa. Nilisikia woga tu.

Bibi Mbuke yuko ndani. Hawaupati mshipa wa kumwekea dripu.

Jumatano, 25 Oktoba
Sahani ya kijani, madoa ya manjano, rangi ya kipindupindu. Kwenye maji ya mtoni, na kwenye choo cha wagonjwa. Nimetuma Mwanza wathibitishe. Sihitaji uthibitisho.

Limi amekojoa leo, maji yanamrudia mwilini. Muuguzi kanipigia kuniambia hilo tu. Nimekaa chini ofisini nikalia mbele za watu.

Alhamisi, 26 Oktoba
Bibi Mbuke amefariki asubuhi.

Ijumaa, 27 Oktoba
Wamemzika leo. Watu wa afya wamekuja na mabomba mgongoni, wakanyunyiza klorini nyumba, kitanda, nguo, mwili. Mwili ukafungwa kwenye mfuko. Wanawe hawakumgusa. Mumewe Kabula kafika na vumbi la safari, kakuta mama yake yumo ndani ya plastiki, haruhusiwi kufungua. Alisimama pale na fimbo yake ya ng'ombe.

Hakuna kupika msibani, hakuna kula pamoja. Ni sahihi. Mimi mwenyewe ningeamuru hivyo hivyo. Lakini nimewaona wazee wanaondoka kaburini mikono mikavu, kila mtu njia yake, bila hata uji. Msiba wa mbwa una heshima zaidi.

Mume wa Kabula aliuliza mimi ni nani. Shija akasema ni wa maji. Akatikisa kichwa, akaenda.

Jumatatu, 30 Oktoba
Sasa magari yamekuja. Meupe, mengi. Matokeo ya Mwanza yametoka. Kijiji kina hema la wagonjwa na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini. Kuna tangi la maji ya klorini. Kuna spika inatangaza kunawa mikono. Afisa wa ile ofisi yupo, kavaa buti mpya za mvua, anaeleza wageni kwamba tatizo ni wananchi kutokuwa na vyoo bora.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. Nikasema, kwa sauti, kwamba wananchi hawa wamekunywa choo cha mjini, na kwamba barua iko mezani kwake tangu tarehe kumi na nane. Mgeni mmoja akageuka. Afisa akasema dada huyu amechoka, amefanya kazi kubwa.

Msimamizi kapiga simu jioni. Kasikia. Kaniambia nimeuweka mradi pabaya. Halafu akaniuliza yule mtoto niliyemtajia, Limi, anaendeleaje. Sikutegemea. Nikamwambia anakula uji.

Dereva wa gari la majitaka amekamatwa. Kijana mwenye andazi. Mwenye gari hajakamatwa.

Alhamisi, 2 Novemba
Shija anasema gari limeonekana tena, dereva mwingine, upande wa barabara ya Maswa. Kuna korongo huko pia. Kuna visima huko pia, bila shaka.

Tumekwenda. Tumelikuta. Safari hii sikupiga kelele. Nimepiga picha, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji cha huko kabla sijamwambia mtu yeyote mjini. Wameweka magogo na miiba njiani papo hapo, wakaweka vijana wa kulinda. Msimamizi nimemtumia picha baada ya hapo. Akajibu: sawa.

Mjini vyoo vinajaa, hakuna wa kunyonya. Mama Kulwa amekwenda ofisini na wenye nyumba wenzake kudai njia ya bwawa itengenezwe. Amerudi bila sauti. Sasa anafoka kwa watu wanaostahili.

Jumapili, 5 Novemba
Hema la wagonjwa limebaki na watu wachache. Nimekwenda bila chupa na bila Shija, kwa bodaboda. Sijui nilifuata nini. Pole ya msiba, labda. Sikuitoa siku ile.

Mume wa Kabula anapanda mahindi. Alinyoosha mgongo, akanitazama, akaendelea. Kabula alikuwa anatoka shambani na mlenda mbichi kwenye upindo wa kanga. Limi nyuma yake, miguu myembamba kama vijiti, anatembea mwenyewe.

Nilimpa pole. Nikasema nilipaswa kuja Jumanne ile ile niliyoliona korongo. Kabula akasema ndiyo.

Nilikaa namchambulia mlenda. Akasonga ugali. Maji yalikuwa yamechemka mbele ya macho yangu, nilitazama, na yeye aliniona nikitazama. Tulinawa. Limi alinawa kwa muda mrefu, ameshaufanya mchezo. Tukala sahani moja, watatu. Mlenda ulikuwa wa moto, wenye karanga. Nilikula tonge baada ya tonge.

Katikati ya chakula akaniuliza naitwa nani. Siku zote hizo nilikuwa wa maji tu.

"Mwanaidi."

Akalirudia polepole, akalipinda kidogo mdomoni. Limi naye akajaribu, akashindwa, akacheka.

"Kula, Mwanaidi," akasema Kabula. "Ugali unapoa."